Penseli, ramani na maji ya bamvua

Jana usiku nilikaa na ramani ya bahari mpaka chai ikapoa. Ninapovuka pana upana wa maili 30, na mashua yangu ya tanga, upepo ukiwa wa wastani, hukimbia noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. Safari ya saa 6, basi. Ila ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na mkondo unakata ubavuni.

Nimejumlisha saa kwa saa. Mkondo utanisukuma maili 9 kushoto, kisha maji yakigeuka, maili 5 kulia. Zinabaki 4. Hizo tu ndizo ninazorekebisha kwenye dira tangu mwanzo, halafu naiacha mashua ijipinde kama nyoka. Zamani nilikuwa nang'ang'ania mstari mnyoofu, napigana na kila mkondo. Siku moja nilifika usiku, nimelowa chepechepe, mwenzangu hanisemeshi.

Kinachonitia shaka ni saa ya tatu ya safari. Hapo mkondo ndipo unapokuwa mkali, na upepo ukija kuukabili, mawimbi husimama wima. Utabiri ukigeuka alfajiri, sing'oi nanga. Halafu mlangoni mwa bandari kuna fungu la mchanga. Sharti nilipite kabla maji hayajapwa nusu.

Penseli imebaki kipande.