Siku moja na kibano: kazi ya kutafuta adesi zisizougua

Saa 1 asubuhi niko kitalu nyumba. Nakagua joto na unyevu, namwagilia, naondoa majani yaliyokauka, naandika daftari.

Saa 2 kazi yenyewe inaanza. Nikisema mimi ni mzalishaji wa mbegu, wengi hudhani nabonyeza mashine na mmea mpya unatoka. Mashine za kusoma DNA tunazo, na zinatusaidia sana, ila hakuna hata moja inayojua kufungua ua la adesi. Ua hilo lina milimita chache tu, na hujichavusha lenyewe kabla halijachanua. Ukisubiri lifunguke umeshachelewa. Natafuta vitumba ambavyo petali zake bado zimejificha ndani ya sepali, napasua ubavuni kwa kibano chini ya lenzi, kisha natoa stameni zote 10, sehemu za kiume zenye chavua, bila kugusa stigma, sehemu ya kike inayoipokea. Chavua ikimwagika humo, kitumba hicho hakifai tena.

Hapo bado nahitaji chavua ya baba, na baba wa leo ni msumbufu. Ni Lens ervoides, adesi-mwitu wa Mediterania. Ukimkuta njiani utamkanyaga bila kujua: vishina vyembamba kama uzi, punje ndogo mno, maganda yanayopasuka yakikauka na kumwaga kila kitu chini. Lakini anacho tunachokitafuta: kinga dhidi ya chule, ugonjwa unaotia adesi madoa na vidonda. Chule ya adesi huletwa na kuvu Colletotrichum lentis, mwenye aina mbili zinazojulikana sana, aina 0 na aina 1. Aina 0 ndiyo kali zaidi, na katika adesi zinazolimwa hatukupata kinga ya kutegemewa dhidi yake. Watafiti wa Saskatchewan, Kanada, waliikuta kwa huyu wa porini.

Leo alikuwa na maua machache, mengi tayari yamezeeka. Mama, yaani adesi za shambani, walikuwa tayari, vitumba vimeshasafishwa, na chavua haitoshi. Nilipita chungu baada ya chungu nikipekua, nikipata ua moja hapa, jingine kule, nikilipaka haraka kwenye stigma, nikifunga kilebo cha tarehe na wazazi, nikirudi kupekua tena. Shingo iliuma, macho yakaanza kuona ukungu. Mwenzangu akaniambia, "Dada, pumzika kidogo, utaharibu macho." Sikuweza. Kitumba kilichosafishwa hakiwezi kukaa kikinisubiri, na mengi kati ya niliyoyachavusha yatadondoka tu bila kushika. Nilipoinua kichwa ilikuwa imepita saa 7, na chai niliyomimina asubuhi ilikuwa pale pale.

Mchana nakaa maabara. Jamaa hawa wawili hata wakizaa, kijusi mara nyingi hufia ndani ya ganda kabla mbegu haijakomaa. Kwa hiyo maganda yenye umri wa wiki mbili hivi au zaidi nayafungua kwenye kabati la hewa safi, natoa kilichomo kikiwa hai na kukilaza juu ya jeli yenye sukari, madini na homoni. Kuvu au bakteria wakiingia kwenye chupa, chotara huyo kapotea. Ni kazi ya kushika pumzi.

Jioni, sijui saa ngapi hasa, nikaenda chumba cha ukungu wa maji kuangalia miche niliyoinyunyizia jana spora, yaani vijimbegu vya kuvu wa chule, kuona ipi itaugua. Nozeli mbili zilikuwa zimeziba, na trei za kona moja zilianza kukauka. Mtu asiye wa kazi hii angesema afadhali, miche imepona. Sivyo kabisa. Spora huhitaji jani lililolowa kwa saa nyingi ndipo ziweze kulipenya. Jani likikauka mapema, mche dhaifu hubaki msafi na sisi tunaudhani una kinga; tunautunza na kuuzalisha, na mkulima ndiye anayekuja kupata hasara shambani. Ndiyo maana kila trei ina miche ya Eston, aina inayojulikana kwa kuugua chule. Eston isipougua, matokeo ya trei hiyo hatuyaamini. Nimesafisha nozeli, na trei za kona ile nimeziondoa kwenye jaribio. Zitarudiwa upya, mbegu na spora mpya.

Nikamalizia na trei za zamani zaidi, za wajukuu wa Lens ervoides waliokwisha kuchavushwa tena na adesi ya shambani. Kila mche unapewa alama kuanzia 0 hadi 10 kulingana na kiasi kilicholiwa na ugonjwa. Eston zilikuwa zimelala chini, mashina yamekatika kwenye vidonda. Katikati yake kulikuwa na miche iliyosimama, ina madoa madogo tu. Niliitazama kwa muda, nikiwa nimechoka na nimefurahi kweli. Nimeihamishia vyungu vikubwa. Ikichanua nitaichavusha tena na adesi ya shambani, kwa sababu kinga tunayo sasa, lakini punje bado ni ndogo na maganda huenda bado yanapasuka.