Nilikonda kwa tumbo, nikapona, kisha nikanenepa kupita kiasi

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Mwili wangu naujua kwa futi kuliko kwa mizani. Kiuno changu kwa miaka mingi kilikuwa inchi 34. Siku niliyojipima ili nishone gauni la harusi ya mdogo wangu, futi ilisoma 29. Nilirudia mara tatu, nikamwita na msichana anayenisaidia anipime yeye. Ikawa ile ile. Kwenye mizani ya duka la dawa nikakuta kilo 55, na mimi ni mtu wa kilo 67.

Tumbo lilikuwa limeanza kunisumbua karibu miaka miwili kabla. Moto chini ya chembe ya moyo, kucheua, gesi, na usiku wa manane maumivu yanayoniamsha. Nilijiambia ni vidonda vya tumbo, kama kila mtu anavyosema, nikaanza kuacha vyakula. Maharage yaliondoka kwanza, ikafuata pilipili, nyanya, machungwa, chai ya rangi. Msimu wa zabibu ukaja, na sisi wa Dodoma tunajua zabibu ni nini, nikazitazama tu kwenye sinia za akina mama barabarani. Mwisho nikabaki na uji, mtindi, biskuti na mkate mkavu. Mlo wa kushiba niliuogopa, kwa sababu niliamini nikishiba nitalipa usiku.

Watu waliona. Mwili ukipungua huku kwetu, kila mtu ana jibu lake tayari. Mama mkwe alisafiri kutoka Kongwa, akaniketisha chumbani, akasema, "Mwanangu, kama kuna jambo mnatuficha, sema." Nilikuwa nimeshapima Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na sukari, na kote nilikuwa salama. Nilimwonyesha majibu. Nilimwelewa, lakini iliniuma sana kwamba ilibidi nionyeshe karatasi nyumbani kwangu.

Katika zahanati nilipokuwa nikienda walinipima damu, wakaniambia nina H. pylori, bakteria anayeishi tumboni, wakanipa dawa. Baada ya miezi tumbo likarudi, wakapima damu tena, "bado unaye", dawa tena. Mara ya tatu vile vile. Na hapa niseme ukweli wangu: mara ya pili niliacha vidonge siku ya tano kwa sababu nilijisikia nafuu.

Aliyenifungua macho ni daktari wa hospitali ya rufaa niliyetumwa kwake kwa sababu ya kupungua kilo. Alisema kipimo kile cha damu kinaangalia askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana na bakteria, na hao askari hubaki kwenye damu muda mrefu hata adui akishaondoka. Kwa hiyo hakiwezi kumwambia mtu kama amepona. Vipimo vya kutegemea ni cha choo, cha pumzi, au kinyama kidogo kinachotolewa tumboni. Mimi, kwa kuwa nilikonda bila kukusudia, alitaka nimeze kamera, ahakikishe hakuna kitu kibaya zaidi. Akaniambia niache omeprazoli wiki mbili kabla, maana dawa za kupunguza asidi huwaficha bakteria, kipimo kikaja safi na kumbe wapo. Wiki mbili zile zilikuwa ngumu, sitaficha.

Kamera haikukuta kidonda hata kimoja. Miaka yote nilisema nina vidonda, kumbe ni ukuta wa tumbo uliovimba na kuwa mwekundu. Kile kinyama walikiweka kwenye kipimo cha rangi ya njano, kikageuka kuwa cha waridi. Daktari akanieleza kwamba bakteria huyu ana kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia, na amonia hiyo ndiyo ngao yake dhidi ya asidi ya tumbo. Rangi hubadilika kwa sababu hiyo hiyo. Akanisimulia pia kuhusu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliogundua uhusiano wa bakteria hawa na vidonda wakati wengi wakiamini chanzo ni mawazo na pilipili. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe ili athibitishe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel.

Nilipewa dozi ya siku 14: omeprazoli, amoksisilini na klarithromaisini, asubuhi na jioni. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma muda wote, na siku chache niliharisha. Safari hii nilimaliza hadi kidonge cha mwisho. Wiki sita baadaye, omeprazoli nikiwa nimeiacha tena wiki mbili, nikapima choo. Hawapo.

Nilidhani habari imeishia hapo. Njaa ikaja. Sikumbuki kuwa na njaa ya namna ile tangu nilipokuwa nanyonyesha. Kilo tano za kwanza tulizifurahia nyumbani, mama mkwe akachinja kuku. Kumi zikafika. Miezi minane baada ya dawa nilikuwa na kilo 73 na kiuno inchi 37, magoti yanalalamika nikikanyaga cherehani.

Nilirudi kwa daktari nikiwa na hofu kwamba dawa zimeniharibu. Alisema sehemu kubwa ya homoni ya njaa, ghrelini, hutengenezwa kwenye ukuta wa tumbo, na ukuta ule ukivimba muda mrefu homoni hiyo inaweza kupungua. Tumbo likipona, kwa baadhi ya watu hupanda, hamu ya kula ikarudi na uzito ukaongezeka. Kwa wengine haitokei, na utafiti haujatoa jibu moja. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Mama, unakula mara ngapi kwa siku?"

Nikaandika wiki nzima kwenye daftari langu la vipimo vya wateja. Nilishangaa. Biskuti saa nne asubuhi, mtindi saa sita, mkate saa kumi, uji kabla ya kulala, biskuti nyingine nikiamka usiku. Vyote hivyo vilikuwa vya kutuliza moto, kwa sababu niliambiwa nisiache tumbo tupu. Moto ulikwisha, mimi nikaendelea kuuzima. Na juu yake nilikuwa nimeongeza ugali kamili, maharage na chipsi nilizozikosa miaka miwili.

Sikujinyima. Mtu aliyewahi kuogopa chakula hapaswi kurudishwa huko, nalisema hili kwa moyo wote. Nilirudi kwenye milo mitatu ya kushiba: ugali wa uwele na mlenda, kunde, samaki wa Mtera tukipata, na zabibu zangu. Biskuti niliacha kununua. Cha jioni nakula saa moja, na kutoka Chang'ombe hadi kibandani natembea kwa miguu asubuhi. Njaa ya saa nne ilinisumbua kama mwezi hivi, kisha ikazoea. Ilinichukua karibu mwaka kufika kilo 67.

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, nikimpima kiuno, alisema angetamani naye apate huyo mdudu apungue. Niliweka futi chini. Nikamwambia kilichonikondesha ni maumivu na kuogopa sahani, na kwamba tangu mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamemweka bakteria huyu kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wengi wanaye bila dalili yoyote, lakini hakuna wa kumwombea mwenzake. Akanyamaza, halafu akasema taratibu kwamba naye tumbo linamuunguza tangu mwaka jana, na kwenye mkoba ana vidonge vya asidi. Nilichana karatasi ya daftari nikamwandikia: mwulize daktari kipimo cha choo, si cha damu, na umwambie unatumia hivyo vidonge. Aliikunja akaiweka nyuma ya kava la simu yake, tukaendelea na kipimo cha mabega.