Hata yule mbwamwitu alimwambia mwanawe

Siku ya nne leo, na maneno ya kijana wangu bado yananizunguka kichwani.

Jumapili tulitazama filamu ya Teen Wolf, imo kwenye flashi aliyoazima kwa rafiki yake. Ni ya 1985, imenizidi mwaka mmoja. Michael J. Fox ni mvulana wa shule, mchezaji wa kikapu katika timu inayofungwa kila mara, na mwili unaanza kumgeuka: manyoya, kucha, masikio. Unacheka huku unaogopa. Usiku mmoja anajifungia bafuni, akijitazama kwenye kioo amekuwa mbwamwitu mzima. Baba yake anagonga, fungua mlango. Anafungua kwa aibu, kumbe baba naye kasimama pale, uso umejaa manyoya vilevile.

Hapo VJ, yule anayetafsiri filamu kwa kusimulia juu yake, akazidisha utani wa Kiganda mpaka maneno ya baba yakafunikwa.

"Baba, yule mzee amesemaje?"

"Alikuwa akitumaini jambo hilo lingemruka mwanawe."

"Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

Akanyamaza. "Na wewe, sauti ilikuharibikia hivi?"

Nikamwambia anywe chai, inapoa.

"Hata yule mbwamwitu alimwambia mwanawe."

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anaangalia kikombe, na kwenye "mwanawe" sauti ikapanda, ikaanguka. Wiki hii dada yangu ameposwa na gari limelala gereji siku mbili, lakini njia nzima ya Bombo hadi Kampala, kondakta akiita abiria, mimi nasikia neno hilo tu.

Mwanangu alikuwa akiongoza kaswida madrasa. Tangu Ramadhani ameacha. Mama yake alidhani uvivu. Mimi nilijua, maana nami niliacha kuimba nikiwa na umri huohuo, na marehemu baba hakuniuliza hata siku moja. Nikamfanyia mwanangu yaleyale niliyofanyiwa.

Jana usiku nikagonga mlango wake. Nikamsimulia ile Maulidi sauti iliponikatikia mbele ya watu wote, wakubwa wakatazama chini, nami nikatoka nje nikajificha nyuma ya sufuria za pilau. Akacheka mpaka akajishika tumbo. Kisha akauliza, "Ilirudi?"

"Ile haikurudi. Ilikuja nyingine."

"Nzuri?"

"Hiyo unayoisikia."

Akafikiri. Akaniambia alichokipenda zaidi ni mwisho, kijana anapokataa kugeuka mbwamwitu, akaingia uwanjani kucheza fainali vilevile alivyo.

Asubuhi akiwa anaoga, nyuma ya mabati, nikamsikia akivuta kaswida kwa sauti ya chini, nzito, ikikwaruza. Nikasimama na ufunguo wa gari mkononi hadi akamaliza. Abiria walinisubiri stendi, na sikuharakisha.