Kadi mpya ya grafiki kwenye Linux: kagua haya kabla ya kwenda maduka ya Luthuli, Nairobi

Kadi ya kisasa ikichomekwa kwenye kompyuta ya Linux, kisha skrini ikabaki nyeusi au gemu ikajikokota kwa fremu tatu kwa sekunde, usikimbilie kuirudisha dukani. Mara nyingi kadi ni nzima, ila programu zilizomo kwenye mashine ni za zamani kuliko kadi yenyewe. Draiva (programu inayoendesha kadi) ya AMD kwenye Linux haitafutwi kwenye tovuti ya kampuni kama mtu wa Windows alivyozoea. Imo ndani ya keneli (kiini cha mfumo) na ndani ya Mesa (mkusanyiko wa programu za grafiki), kwa hiyo distro yako (aina ya Linux unayotumia, kama Ubuntu au Fedora) ikiwa ya miaka mitatu iliyopita, draiva nayo ni ya miaka mitatu iliyopita.

Kwa AMD vipande ni vitatu, na vyote lazima viijue kadi. Ndani ya keneli kuna amdgpu, inayoiamsha kadi. Furushi la linux-firmware lina faili ambazo amdgpu huzipakia kwenye kadi kompyuta inapowaka. Mesa nayo ina RADV, ambayo hupokea amri za Vulkan (lugha ya kuchorea picha) kutoka kwa gemu. RX 9070 na 9070 XT ziliingia sokoni Machi 2025, na kwa kadi hizo lenga keneli 6.14 au mpya zaidi, pamoja na Mesa 25.0 kwenda juu. Fedora 42 ilitoka ikiwa na vyote viwili. Ubuntu 24.04 ilipotoka ilikuwa na keneli 6.8 na Mesa 24.0, na hizo hazitoshi, pakua 24.04.3, yenye keneli 6.14 na Mesa 25.0, au mpya zaidi. Debian 12, yenye keneli 6.1, isahau kabisa kwa kadi hizi. Watu wengi husasisha keneli peke yake na kusahau linux-firmware, kisha wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uone mwenyewe. `uname -r` itakupa toleo la keneli. `lspci -k` itaonyesha kadi na draiva inayoitumia. Chini ya jina la kadi tafuta neno amdgpu au nvidia. Halafu weka furushi la vulkan-tools na uandike `vulkaninfo --summary`. Ukiona jina la llvmpipe tu, prosesa ndiyo inayochora kila kitu na kadi imekaa bure. Hapo pitia `sudo dmesg | grep -i amdgpu`. Mstari unaosema faili ya firmware imeshindwa kupakiwa, ukiishia na error -2, maana yake faili haipo kwenye diski. Sasisha linux-firmware, jenga upya initramfs, yaani furushi la faili ambalo keneli hulitumia mwanzoni mwa kuwaka (`sudo update-initramfs -u` kwa Ubuntu na Debian), kisha uwashe upya.

Kwa NVIDIA shida huwa kwingine. Kadi za RTX 50 zinataka draiva 570 au mpya zaidi, tena lazima iwe yenye moduli za keneli za chanzo huria. Zile moduli za zamani zilizofungwa hazizitambui kadi hizi hata kidogo. Kwenye Ubuntu tafuta furushi ambalo jina lake linaishia na -open. Kikwazo cha pili ni Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli zisizo na sahihi inayotambulika. Moduli ikijengwa na DKMS (programu inayounda moduli kwenye mashine yako), Ubuntu hukuomba nywila wakati wa kuiweka, na ukiwasha upya hutokea skrini ya buluu. Skrini hiyo hungoja sekunde chache tu kisha huondoka. Bonyeza kitufe haraka, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa sahihi hiyo), uandike ile nywila. Ikikupita, keneli itaikataa moduli na `nvidia-smi` italalamika kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva. Dawa yake ni `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, kisha uwashe tena, na safari hii ukae macho.

Sasa mashine yenyewe. Kompyuta za ofisi za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zinazojaa madukani Luthuli na Moi Avenue ni mashine nzuri kwa kazi, lakini sishauri mtu aweke kadi kubwa humo. OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP iliyo ndogo huwa na pawa saplai ya wati 180 hadi 250, na viunganishi vyake ni vya kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuing'oa ukaweka ya kawaida hivi hivi. RX 9070 XT peke yake hula wati 304, na AMD inapendekeza pawa saplai ya wati 750. RX 9060 XT ya GB 16 hula takriban wati 160, na ndiyo ningemchagulia mtu wa bajeti ya wastani. RTX 5060 hutumia njia nane tu za PCIe, kiunganishi cha kadi na ubao mama. Kwenye ubao mama wa zamani wa PCIe 3.0, ambao ni wa polepole zaidi, hilo huonekana wazi pale GB 8 za kumbukumbu zinapojaa: gemu huanza kukwamakwama. Ukishaweka kadi, ingia BIOS uwashe Above 4G Decoding na Resizable BAR ili prosesa ifikie kumbukumbu yote ya kadi, na uzime CSM (hali ya kuwasha kwa njia ya zamani).

Halafu kuna stima. UPS (betri ya akiba) ya 650VA ambayo watu wengi wananunua hubeba takriban wati 360. Ukiwa katikati ya gemu nzito na 9070 XT, stima ikipotea UPS itapiga kelele mara moja na kuzima papo hapo, kana kwamba haikuwepo. Nunua kubwa, au punguza nguvu ya kadi. Programu ya LACT hufanya hivyo kwa AMD. Kwa NVIDIA angalia mipaka ya kadi yako kwa `nvidia-smi -q -d POWER`, kisha uweke idadi ya wati kwa `sudo nvidia-smi -pl`. Mpangilio huo hufutika ukizima kompyuta. Kupunguza nguvu kwa sehemu ya kumi hupunguza fremu chache sana, na tokeni za stima zinadumu zaidi. Stima ikipotea katikati ya kusasisha keneli na mashine ikakataa kuwaka, chagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB inayotokea kompyuta inapowaka, kisha umalizie na `sudo dpkg --configure -a`.

Gemu za GB 100 hazipakuliwi kwa bando. Kama rafiki anayo kwenye Windows, nakili folda ya gemu kutoka steamapps/common kwa diski ya nje, uiweke mahali pale pale ndani ya Steam yako ya Linux, kisha ubonyeze Install. Steam itazikagua faili na kupakua zinazopungua tu. Ikiwa gemu ina toleo la Linux, lazimisha Proton (inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux) kwanza kwenye mipangilio ya Compatibility, la sivyo itakuletea faili nyingine nyingi. Usichezee moja kwa moja kwenye diski ya NTFS iliyobaki na Windows. Proton hutengeneza viungo vyenye majina kama `c:`, na nukta pacha hairuhusiwi kwenye majina ya faili ya Windows. Gemu hukataa kufunguka, au mfumo wa faili hujaa makosa. Tumia ext4, mfumo wa faili wa Linux.

Wanaocheza kwenye TV ya 4K wajue kwamba mwaka 2024 HDMI Forum ilikataa kuiruhusu AMD iweke HDMI 2.1 kwenye draiva yake huria. Kwa HDMI ya kadi ya AMD tegemea 4K kwa 60Hz. Kwa skrini ya kasi zaidi tumia DisplayPort.

Gemu za mtandaoni nazo zina kizuizi ambacho kadi haiwezi kukiondoa, nacho ni programu za kuzuia udanganyifu. Valorant na Fortnite hazikubali Linux, Apex Legends ilifunga mlango mwishoni mwa Oktoba 2024, na EA Sports FC tangu FC 24 haifunguki. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina matoleo yao ya Linux na zinaenda vizuri. Kwa nyumba ambayo FC ndiyo gemu ya kila jioni, iachie Windows SSD yake peke yake, na uichomoe wakati wa kuweka Linux ili kisakinishi kisiguse sehemu yake ya kuwashia.