Kazi anafanya, ila maamuzi yalikuwa ya mama

Mi nakaa Dodoma, Ipagala, nina binti yuko darasa la sita na mdogo wake wa kiume la tatu. Ukisema mtoto ajitegemee watu wanawaza kazi, sasa kazi jamani si wanafanya, vyombo wanaosha, uwanja wanafagia, maji yakikatika wanabeba ndoo. Ila binti akimaliza anakuja, "mama nifanye nini tena?" Mikono yake, kichwa changu. Hapo ndo nilitaka pabadilike.

Nikaanza na soko. Jumamosi tulikuwa tunaenda wote Majengo, mi nachagua yeye anabeba, nikageuza, yeye achague mi nibebe, tena nimekaa kimya, na kukaa kimya ndo kazi ngumu kuliko zote maana unamwona kabisa anaokota fungu la nyanya zimeiva mpaka zinapasuka na mdomo unakuwasha. Kufika Jumatatu zimeoza, tukala mboga haina nyanya, sikumsema. Safari iliyofuata namwona anageuza fungu anaangalia za chini, "shikamoo mama, naomba unichanganyie na ambazo hazijaiva, hizo za katikati ya wiki." Yule mama akacheka akamwekea na nyongeza.

Baadaye nikampa hela ya mboga ya wiki nzima mkononi. Ikiisha Alhamisi basi ni maharage ya ndani mpaka Jumapili. Baba watoto huyo huruma zikamshika akataka amwongezee kimya kimya, nikamwambia baba, ukiongeza leo tumerudi tulikotoka. Akaacha, japo alinuna kidogo maana maharage hayapendi.

Daladala ndo iliniumiza kichwa. Kwanza tulipanda wote, nakaa siti ya nyuma kama simjui, analipa mwenyewe, anashuka mwenyewe. Halafu nikawa naishia kituoni, na dada mmoja mwenye duka karibu na shule ananibipu akimwona anapita. Tatizo likawa makonda, mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima kwa hiyo asubuhi wakiona sare wanaziba mlango, mtoto anachelewa na mi roho juu. Nilikuwa nishaanza kutafuta bajaji ya mwezi, nikajizuia nikamuuliza, we unaonaje? Akafikiria, akasema atatoka mapema atembee mpaka gari zinapoanzia, pale gari iko tupu hawawezi kumkataa. Na kweli, siku hizi anapata na siti.

Bibi yake aliposikia alipiga simu, "mtoto wa kike unamwachia barabara?" Nikamwambia mama, sijamwachia yote. Bodaboda marufuku, kurudi kabla jua halijazama, na akibadilisha njia lazima niambiwe, hayo hatubishani. Bibi hajaridhika sana ila kapoa.

Mdogo mtu yeye bado yuko kwenye begi na sare, akisahau daftari simpelekei, basi. Kila mtoto na kasi yake, huyu wa kiume ukimpa hela ya wiki leo jioni anarudi na ubuyu.

Kwa sasa ugomvi ni jiko. La mkaa binti anawasha vizuri, la gesi sijamwachia. Anaomba kila siku, tumekubaliana likizo ya mwezi wa 6 tutaanza, awashe yeye mi nimesimama hapo hapo.