Buji ikizimika

Juzi kitinda mimba wangu alinijia jikoni na simu ya baba yake, kioo kimejaa alama za vidole, akaniuliza: “Mama, na ziwa yetu inaweza kuya hivi?”

Ilikuwa video ya Hawaii. Magari yamebanana yakipanda mlimani, ving'ora vinalia, na bahari iko palepale, imetulia. Ni ile siku ya tarehe 30 Julai 2025, tetemeko la 8.8 lilipopiga karibu na Kamchatka, kule Urusi, na watu wa pwani pande zote za Pasifiki wakaambiwa watoke, tsunami inakuja. Japani peke yake iliwataka karibu watu milioni 2 waondoke pwani. Mtoto hakujali takwimu. Alikuwa anamwangalia mama mmoja kwenye video, anatembea haraka na mtoto begani.

Sikumjibu. Nilirudi kukoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa. Huyu ana karibu miaka mitano, na hajui kwamba yeye mwenyewe aliwahi kukimbizwa hivyo hivyo. Alikuwa na miezi minane, mgongoni kwangu, amefungwa kitenge cha bluu ambacho mpaka leo ninacho.

Tarehe 22 Mei 2021, ile Jumamosi jioni mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipolipuka, kila mtu wa Goma, mji wetu mashariki mwa Kongo, ana yake ya kusimulia. Anga lilikuwa jekundu, tukakimbilia mpakani, tukalala upande wa Rwanda, kesho yake tukarudi. Lava ilikuwa imesimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Tuliosalimika tulicheka, waliopoteza nyumba na watu wao walilia, na maisha yakataka kuendelea. Ila ardhi ilikataa. Ilitetemeka usiku na mchana, mpaka nikaacha kuweka sahani kabatini. Tulikuwa tunapika, tunakula na kulala uani. Barabarani palifunguka nyufa, na watoto wakawa wanachungulia ndani yake wakitafuta moto.

Alhamisi tarehe 27, kabla hakujakucha vizuri, gavana wa kijeshi akazungumza. Tulimsikia kwenye redio ya jirani, sauti imepandishwa hadi mwisho ili mtaa mzima usikie. Kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za mji zihame. Alizitaja moja baada ya nyingine, na Mabanga Kusini, kwetu, ikawamo. Alisema magma, miamba iliyoyeyuka, iko chini ya mji na inafika mpaka chini ya ziwa letu, Kivu, na kwamba mlipuko unaweza kutokea nchi kavu au ndani ya maji, pengine bila dalili yoyote ya kututangulia.

Ndani ya maji. Hapo ndipo mikono yangu ilipoanza kutetemeka.

Moto wa mlima tunaujua. Mwaka 2002 nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliiona lava ikipita katikati ya mji hadi ziwani, na mvuke ukipanda juu ya maji kama chungu cha dunia nzima kimefunuliwa. Lava ina mwendo. Unaiona inakokwenda, nawe unachagua upande wako. Ziwa ni jambo jingine. Chini kabisa ya Kivu, kwenye kina kinachokaribia mita 500, kumelala gesi iliyoyeyuka ndani ya maji: kilomita za ujazo kama 60 za methani na kama 300 za hewa ya kaboni. Imeshikiliwa na uzito wa maji tu. Cameroon wana ziwa dogo sana kuliko letu, Nyos. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa hewa yake mara moja, na watu wapatao 1,700 wakafa, wengi wao vitandani. Hakuna wimbi lililowafuata. Hewa ile ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Ilitambaa bondeni kimya, ikawajaza.

Mtu wa Hawaii anaambiwa neno moja: panda. Sisi, ukiukimbia moto wa mlima, unashuka, na ukishuka unafika ziwani. Ukilikimbia ziwa, unapanda, na ukipanda unamrudia Nyiragongo. Nilisimama uani na chupa ya uji wa mtoto mkononi, nikajizungusha kama mtu aliyepotea kwake mwenyewe.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekata shauri. “Tunaenda Sake,” alisema. Alizaliwa upande huo, ana ndugu huko. Mume wangu alibaki kulinda nyumba, na ugomvi wetu juu ya hilo ni habari ya siku nyingine. Tukatoka: mimi, mama mkwe, watoto watatu, matela moja ya kulalia, bidoni ya maji, sufuria na mfuko wa nguo. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, aliyetubebea matela alitaka pesa ambazo siku ya kawaida zingetosha makala ya kupikia ya mwezi mzima. Tangu Katindo magari yalikuwa hayasogei. Tulitembea. Ndosho, Mugunga, kisha ile barabara ndefu, umati wa watu hata huoni lami. Kilomita kama 25, na tulizimaliza jua limeshazama. Nyumba ya ndugu zake ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Tukapelekwa kwenye shule.

Usiku wa shule ile ndio ninaotaka kuuandika.

Darasa lilikuwa la mbao, sakafu ya udongo, na tulikuwamo watu kama arobaini, karibu wote akina mama na watoto. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani. Tulitandika chini, miguu ya huyu kichwani pa yule. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimlaza mtoto na kujilaza kando yake bila hata kumfungua kitenge.

Mama mkwe hakulala. Alitoa buji, yaani mshumaa, kwenye pindo la kitenge chake, akaikata vipande vitatu kwa meno, akakiwasha kimoja na kukisimamisha kwenye kifuniko cha sufuria. Hakukiweka juu ya dawati, ambako kingetumulikia wote. Alikiweka chini sakafuni, karibu na uso wa mtoto, mwali ukiwa sawa na pua yake.

Nikamwambia, mama, ataungua.

“Huku kuko mazuku,” alisema. “Buji ikizimika, usiulize kitu. Inua mutoto.”

Wasiokaa kwetu huenda hawaijui mazuku. Ni hewa hiyo hiyo ya kaboni, inatoka ardhini kwenye mabonde na mashimo, hasa asubuhi na usiku upepo ukitulia. Upande wa Sake na Mugunga watu wanaijua tangu mababu. Mbuzi anashuka shimoni kula majani, harudi. Mama mkwe alikua akiwaona kuku waliokufa wamelala kama wamesinzia, hawana jeraha. Kwa kuwa hewa hiyo hukaa chini, mtu mzima aliyesimama anaweza kuvuta pumzi vizuri huku mtoto aliye miguuni pake anakufa.

Akina mama waliokuwa karibu walisikia. Hakuna aliyesema neno, ila nikaona mifuko inafunguliwa. Buji ya pili ikawashwa pembeni mwa mlango, ya tatu chini ya ubao wa kuandikia. Tatu tu, kwa watu arobaini. Kilichobaki chote ni macho yetu tu. Nililala ubavu nikitazama ule mwali. Ulikuwa unainama kila ardhi inapotikisika, kisha unasimama tena. Nilijikuta nauombea kama unavyomwombea mgonjwa.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nafikiri nilisinzia, maana nilichokumbuka baadaye ni giza. Buji yetu ilikuwa haipo.

Sikuuliza kitu. Nilimnyakua mtoto pamoja na kitenge chake, nikasimama, nikamwinua juu ya kichwa changu kwa mikono miwili. Pembeni yangu mama mkwe alikuwa amemwinua wa pili. Binti yangu mkubwa niliusikia mguu wake ukikanyaga dawati. Kisha darasa zima likasimama. Hatukupiga kelele. Mpaka leo hilo ndilo linalonishangaza: akina mama zaidi ya kumi na watano, usiku, mtetemeko unapita chini ya nyayo zetu, na hakuna hata mmoja aliyepiga yowe. Kila mmoja ana mtoto juu ya kichwa, mikono imenyooka, kama watu ambao maji yamewafika shingoni. Nilikuwa nimebana pumzi. Nilisikia pumzi ya mtoto tu, huko juu, fupi fupi, ya usingizi. Hakuamka. Uzito wa kilo nane mikono ikiwa juu ni uzito wa mtu mzima. Mabega yaliwaka moto, na nikawaza: nikichoka, nitamshusha hadi wapi? Hadi begani kuna hewa? Hadi kifuani?

Buji ya mlangoni ilikuwa bado inawaka. Sikumbuki nani aliiona kwanza. Mama mkwe aliinama, taratibu, akapapasa kifuniko cha sufuria kwa vidole. “Imeisha,” alisema. “Ni nta iliisha tu.”

Hakuna aliyeketi. Aliwasha kipande kingine, kikawaka vizuri, na bado tulisimama. Tuliwapandisha watoto kwenye madawati, tukayazunguka kwa miili yetu, tukakesha hivyo mpaka kukapambazuka.

Tulikaa Sake siku kumi na moja. Maji yalikuwa shida na kipindupindu kilitutisha, lakini tulipona. Kuanzia tarehe 7 Juni serikali iliruhusu watu warudi kidogo kidogo, tukarudi. Nyumba ilikuwepo, na mume wangu alikuwa amekonda. Moto wa pili haukutoka, na ziwa lilibaki kama lilivyo, wavuvi wakaendelea na sambaza zao.

Wako waliosema tulihamishwa bure. Nimewasikia sokoni, na siku nyingine, nikikumbuka ile barabara, nami nimesema hivyo. Kisha miaka ilipita, nikasoma kwamba ghuba ya Kabuno, ile iliyo jirani na Sake, ndiyo sehemu ya ziwa ambako hewa ya kaboni imekaa karibu zaidi na uso wa maji kuliko kwingine kote. Tuliwabeba watoto kutwa nzima tukawalaza hapo. Sijui nimlaumu nani kwa hilo, na sioni kama kulaumu kunafaa. Aliyetuambia tuondoke alitaka tuishi. Mama mkwe naye alitaka tuishi. Hawaii mawimbi hayakufika hata mita 2, watu wakarudi majumbani, na bila shaka kuna mama huko anayejiuliza kama alimtoa mtoto usingizini bure.

Jioni nilimjibu mwanangu. Nilimwambia ziwa letu si bahari, haliwezi kuinuka kama ile ya kwenye video. Nilijua sikumjibu alichouliza. Alifikiri kidogo, kisha akasema: “Sasa sisi tutapandaka wapi?”

Nikamwambia alale.

Usiku mume wangu alinikuta nimewasha buji na kuiweka chini, kando ya kitanda cha watoto. Aliniuliza kama umeme umekatika. Umeme ulikuwepo.