Kitambaa cha Babu

Tulikaa Vingunguti, Dar es Salaam, usawa wa njia ya ndege. Zilipopita, mabati yalitetemeka na mazungumzo yakasimama. Jambo moja lilinisumbua tangu utotoni: kuna miezi zilipita juu yetu zikipaa, na miezi mingine zikishuka, magurudumu yakiwa nje. Kila mkubwa niliyemuuliza alinijibu kwamba ndivyo wanavyopangiwa.

Januari 1989, nikiwa kidato cha pili, nilikuta kitabu cha ndege kati ya vitabu vikuukuu vilivyotandazwa chini, Mtaa wa Samora. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo zimenyofoka, hata jina lake sikulijua. Nilikinunua kwa nauli yangu nikarudi kwa miguu, Kariakoo, Ilala, Buguruni, nikikifungua kila penye kivuli.

Jibu langu lilikuwa humo. Ndege haibebwi na mbio za magurudumu, inabebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Ikihitaji hewa hiyo ipite kwa kilomita 250 kwa saa, na upepo wa kilomita 30 unaipiga usoni, inabaki kujitafutia 220 tu. Ndiyo maana hupaa na kutua ikiuelekea upepo.

Nilimtafsiria babu yangu mzaa mama. Alikuwa baharia wa majahazi, Kilwa na Unguja, na upepo hakuna aliyeweza kumdanganya nao.

"Chombo kinataka upepo wa omo, wa mbele?" akauliza.

"Ndiyo, Babu."

"Hapana. Sisi ukitupiga wa omo tunabisha, tunapinda huku na huku mchana kutwa, na bandari tunaiona kwa macho."

Nikamsomea tena, polepole. Akanyamaza. Kisha akachana ukanda wa kanga kuukuu, akaufunga juu ya mti wa kuanikia nguo. Kaskazi ilikuwa inavuma. Ukanda ukanyooka, ncha yake ikaelekea uwanja wa ndege. Tukakaa kwenye mkeka tukingoja. Babu hakuongea. Alasiri ilikuwa inakaribia ndipo tukasikia ngurumo, na Boeing ya Air Tanzania ikainuka kutoka upande ule ule ulioelekezwa na kitambaa, ikaja kwetu pua juu, twiga mkiani, ikiukabili upepo waziwazi. Babu alisimama, akaigeukia hadi ilipopotelea mawinguni.

"Inaubisha bila kupinda," akasema, kwa sauti aliyoitumia akiwataja manahodha waliomfundisha kazi.

Kitambaa kilibaki juu ya mti. Mama alitaka kukitoa, babu akakataa. Alikitazama kila alfajiri akitoka kuswali, Februari, Machi, mvua za masika zikakilowesha. Asubuhi moja akaniamsha kwa kunishika bega.

"Toka nje. Kusi imeingia."

Ukanda ulikuwa umegeukia upande mwingine. Tukasimama uani, yeye na msuli wake, mimi na shuka. Ndege ya kwanza ilitokea upande wa mjini, chini chini, ikatupita juu ya paa magurudumu nje. Babu akaninyooshea mkono.

"Lete kile kitabu."